Serikali ilishindwa kesi ya umri wa ndoa mara mbili, mbona kifungu cha 13 bado kipo kitabuni?

Wakili wa Mtaani:

Salaam wakuu. Mods naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa mahari, hii ishu ni nyingine kabisa.

Leo oktoba 23, 2023 imetimia miaka minne tangu Mahakama ya Rufani iitupe rufaa ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya mwanaharakati Rebeca Gyumi. Kwa ambao kipindi kile walikuwa bado wanavaa yunifomu nakumbusha kwa kifupi. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 13 inasema mwanaume aoe akiwa na miaka 18 na binti aolewe akiwa na 15, na mahakama inaweza kuruhusu hata wa 14 kukiwa na "sababu maalum". Kifungu cha 17 kinasema binti wa chini ya 18 anahitaji ridhaa ya baba, baba akiwa hayupo mama, na kuendelea. Gyumi akaenda Mahakama Kuu Dar kusema hivi vifungu vinavunja Katiba, hasa ibara ya 12 na 13 za usawa mbele ya sheria. Julai 8, 2016 majaji watatu wakamkubalia, wakaipa serikali mwaka mmoja irekebishe iweke 18 kwa wote. Serikali ikakata rufaa, oktoba 2019 ikapigwa tena.

Sasa fungua hiyo Sheria ya Ndoa, Sura ya 29, toleo la 2019. Kifungu cha 13 kipo palepale kimetulia, miaka 15.

Mi swali langu sio la siasa, ni la sheria tupu. Katiba ibara ya 30(5) inasema mahakama badala ya kutamka sheria ni batili papo hapo inaweza kuipa serikali muda wa kurekebisha, na katika huo muda sheria inahesabika ni halali mpaka irekebishwe au muda uishe, kipi kitatangulia. Katiba ipo kwa kiswahili kasomeni wenyewe. Muda umeisha. Marekebisho hakuna. Kwaiyo kifungu cha 13 kimekufa au kiko hai? Tujadili kwa hoja, matusi pelekeni jukwaa la mpira.

Kiroboto:

Siti ya mbele, nimekuja na karanga

Mzee Kobe:

Nyie vijana mnapenda sana kushangilia mambo ya wafadhili. Mi nina mabinti watatu. Binti wa miaka 16 kapata mimba, kijana aliyempa yupo tayari kuoa, wazazi wa pande zote wameelewana, wewe hakimu wa Dar unakuja kusema haiwezekani. Sasa huyo mtoto akae nyumbani kwa nani na kwa jina gani? Sheria ile ya 71 haikutungwa kienyeji, kulikuwa na waraka wa serikali wa 1969 watu wakatoa maoni nchi nzima, waislamu, wakristo, wa mila. Mwalimu alikuwepo.

Wakili wa Mtaani:

Mzee wangu Kobe shikamoo. Hiyo hoja yako ndo hoja ya serikali yenyewe kwenye rufaa, kwamba ndoa inamkinga binti aliyepata mimba nje ya ndoa. Majaji wa rufaa hawakuikubali. Na ukiitazama vizuri, kinga gani inamfaa mtoto wa kike peke yake? Kijana wa kiume wa miaka 16 sheria haimruhusu kuoa bila ruhusa ya mahakama hata baba yake akilia machozi. Ndo ubaguzi wenyewe ulipo. Halafu kingine, 1971 Katiba yetu haikuwa na haki za binadamu ndani yake, zimeingia 1984 na zikaanza kudaiwa mahakamani 1988. Sheria iliyotungwa kabla ya kipimo kuwepo lazima siku moja ipimwe tu.

Ticha wa Kahama:

Mnaongelea ndoa kama vile haihusiani na shule. Ngoja niwape mnachokikosa.

Shule niliyokuwepo 2018 siitaji. Likizo ya mwezi wa sita ikiisha, jumatatu ya kwanza wasichana wote kuanzia form one wanapangwa mstari nyuma ya stoo ya jiko. Nesi anatoka zahanati na boksi la vipimo, kila binti anapewa kikopo cha plastiki kimeandikwa namba kwa makapeni anaingia nacho chooni, matroni kasimama mlangoni wasije wakabadilishana mkojo. Vikopo vinapangwa kwenye dawati juani. Mnasubiri. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika karatasi ya namba na majina. Yule ambaye mistari imetoka miwili haambiwi hata yeye kwanza, anaitwa mzazi. Siku hiyohiyo jina linapigwa mstari kwenye rejesta kwa peni nyekundu.

Na kila kitu kilikuwa kina karatasi yake. Kulikuwa na kanuni za 2002 za kufukuza wanafunzi, zinataja mwanafunzi aliyeingia kwenye ndoa na aliyefanya kosa dhidi ya maadili, mimba ikawa inasomwa humo kwenye maadili. 2017 ndo Rais Magufuli akasema pale Chalinze kwamba akishapata mimba basi, hakuna kurudi. Nani angebishana?

Sasa unganisheni. 2016 ile ile walirekebisha Sheria ya Elimu, ukimuoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari ni miaka 30 jela. Safi kabisa. Ila huyu binti nimempiga mstari mwekundu, sio mwanafunzi tena. Ana miaka 16. Baba anasaini ridhaa chini ya kifungu cha 17. Wiki chache mbele ni mke wa mtu, kihalali, na muoaji anatembea barabarani. Shule inamtoa, sheria ya ndoa inampokea, na jambo lote linaonekana limeenda kwa utaratibu.

Kiroboto:

Dah nimeacha karanga

BintiMuleba:

Ticha umeongea. Ila nataka kujibu swali la mleta uzi maana limenikumbusha kesi ya kwetu. Holaria Pastory, Kagera. Alirithishwa shamba na baba yake kwa wosia, 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake Bernardo Ephrahim akafungua kesi mahakama ya mwanzo kwamba mila za Kihaya mwanamke hauzi shamba la ukoo, na mahakama ya mwanzo ikamkubalia. Mahakama ya wilaya ikapindua. Ikafika Mahakama Kuu Mwanza kwa Jaji Mwalusanya, 1990 akasema mwanamke ana haki ya kuuza sawasawa na mwanaume, kwisha.

Angalieni alichofanya huyu mzee. Hakuwaambia serikali nawapa mwaka mmoja mkajadiliane. Alichukua ile sheria ya mpito ya 1984 inayoipa mahakama nguvu ya kuisoma sheria ya zamani kwa namna itakayoendana na Katiba, akaisoma pale pale, wanawake wa Kihaya wakatoka na haki mkononi kuanzia siku ile. Bibi yangu hakuwahi kusikia jina la Mwalusanya lakini aliuza kipande chake kwa sababu ya hukumu ya Mwalusanya. Sasa kwanini majaji wa 2016 hawakufanya hivyohivyo? Kuirudishia serikali kitu ambacho serikali yenyewe imekitetea mahakamani ni kumpa fisi bucha.

Msomi asiyevaa joho:

BintiMuleba nakuelewa ila kuna kitu kinaitwa pengo. Ukikifuta kifungu cha 13 chote leo saa nne asubuhi, saa nne na dakika moja Tanzania bara haina umri wa ndoa kabisa. Kifungu cha 38 kinasema ndoa ni batili mmoja akiwa chini ya umri wa chini wa kuoa, umri upi sasa wakati umeufuta? Ndo maana majaji wakasema rekebisheni na wekeni 18. Kwa Mwalusanya ilikuwa rahisi, ukiondoa katazo la mila kinachobaki ni uhuru wa kuuza. Huku ukiondoa namba lazima uweke namba nyingine.

Na kuhusu muda kuisha, serikali ikitoa notisi ya rufaa kwenye kesi za haki za msingi notisi yenyewe inasimamisha utekelezaji, kwaiyo usianze kuhesabu 2016.

Wakili wa Mtaani:

Msomi nakubali, hesabu kuanzia 2019. Mwaka mmoja umeisha oktoba 2020. Tuko 2023. Hata ukihesabu kwa ukarimu wa mama mkwe bado muda umepita miaka mitatu.

Ila hoja ya pengo siinunui moja kwa moja. Namba ya kuweka mahakama iliitaja yenyewe, 18. Hakuna pengo, kuna namba inasubiri mtu wa kuichapa. Tena 18 sio ya kuokota, Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni wa chini ya miaka 18, Itifaki ya Maputo ya haki za wanawake Afrika ibara ya 6 inasema 18, na hiyo tumeiridhia wenyewe.

Abuu Pemba:

Tafadhalini msije mkatuingiza na sisi, hiyo sheria ya 1971 huku Zanzibar haifiki, ni ya bara. Huku mambo ya ndoa za Waislamu yapo kwa kadhi. Nasema tu maana naona watu washaanza kuandika "Tanzania nzima".

Dereva Scania:

Mi sio mwanasheria nipo hapa Tunduma napanga foleni ya mpaka. Swali la kijinga. Mimi nikishindwa kesi ya deni, mdai anakazia hukumu anakuja na dalali wa mahakama anabeba gari. Serikali ikishindwa nani anabeba nini?

Msomi asiyevaa joho:

Hakuna swali la kijinga hapo, umetupita wote. Mali ya serikali haikamatwi, sheria ya mashauri ya serikali imekataza. Na hii hukumu sio ya pesa, ni ya kutunga sheria, na anayetunga ni Bunge. Dalali hawezi kwenda Dodoma akabeba muswada.

Mzee Kobe:

Hahaha hapo umenichekesha. Lakini ndo inavyotakiwa, Bunge ndo wawakilishi wa watu sio majaji. Na serikali ilisema inakusanya maoni ya wadau, viongozi wa dini na wazee. Hilo ni kosa?

Wakili wa Mtaani:

Kukusanya maoni sio kosa mzee wangu, kosa ni kukusanya maoni juu ya jambo ambalo mahakama ya juu kabisa ya nchi imeshaamua. Maoni yawe ya namna ya kutekeleza, sio ya kama tutekeleze.

Na sio mara ya kwanza. Mchungaji Mtikila na mgombea binafsi mnakumbuka? Kashinda Mahakama Kuu 1994, wakabadili Katiba kuziba alipopita. Kashinda tena 2006. 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hili waachieni Bunge. Akaenda Mahakama ya Afrika pale pale Arusha, juni 2013 akashinda. Mzee kafariki 2015 na mpaka leo ukitaka ubunge lazima uwe na kadi ya chama. Halafu novemba 2019, mwezi mmoja tu baada ya hukumu ya Gyumi, Tanzania ikatoa notisi ya kufuta lile tamko lililokuwa linaruhusu mwananchi kwenda mwenyewe Mahakama ya Afrika. Mwaka uliofuata wakabadili sheria ya utekelezaji wa haki za msingi, sasa ukifungua kesi ya kikatiba lazima uambatanishe kiapo kinachoonyesha wewe binafsi umeathirika vipi. Gyumi alikuwa ni mwanaharakati mtu mzima, aliingia kwa ajili ya watoto wa wengine. Leo angeulizwa kiapo chake kinasema nini. Mlango aliopitia umebaki nafasi ya mtu mmoja mmoja, na huyo mtu mmoja ni binti wa miaka 15 kijijini ambaye nauli ya kwenda wilayani hana.

Niliolewa Mapema:

Nimekuwa nasoma tu ila leo nimejiunga ili niulize. Niliolewa 2014 nina miaka 16, nilikuwa nimemaliza la saba nikakaa nyumbani. Baba ndo alisaini. Cheti cha ndoa ninacho. Hii hukumu inamaana ndoa yangu sio ndoa? Watoto wangu wawili je? Mume wangu hana shida ni mtu mzuri, nataka tu kujua nikiamua kudai nyumba siku moja sitaambiwa hukuwa mke.

Wakili wa Mtaani:

Dada yangu karibu. Hapana, ndoa yako ipo. Mahakama haikufuta ndoa hata moja iliyofungwa huko nyuma, ilichoamuru ni sheria irekebishwe. Ulifunga kwa sheria iliyokuwa halali siku ile, cheti chako ni halali, watoto wako hawana tatizo lolote na mali mliyochuma pamoja una haki nayo. Cheti tunza mbali na moto na mbali na ndugu wa mume hahaha.

Niliolewa Mapema:

Asante sana. Ila ningependa kusoma ile shule.

Ticha wa Kahama:

Bado unaweza dada. Ulichelewa kwa sababu za kwako ila njia ipo, elimu ya watu wazima, mitihani ya kujitegemea. Na kwa wanaopata mimba sasahivi novemba 2021 wizara ilitoa Waraka wa Elimu namba 2 kwamba waliokatisha masomo warudi, ndani ya miaka miwili. Nimepokea wawili darasani kwangu. Mmoja anapiga hesabu kuliko wavulana wote.

Lakini waraka ni waraka. Waziri anausaini, waziri mwingine anaweza kuutengua kabla ya chai. Kamati ya Afrika ya haki za mtoto ilishatoa uamuzi 2022 kwenye shauri la LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) na wenzao, ikasema pia kanuni zirekebishwe na upimaji wa lazima wa mimba mashuleni upigwe marufuku. Mi ningeshukuru kama wangeandika hilo kwenye sheria maana ile karatasi ya namba na majina sitaki mtu anipe tena.

Mama K:

Samahani nawatoa kidogo kwenye mada ila naona kuna watu wa sheria. Mimi ni mwalimu shule binafsi, mkataba wa mwaka mmoja mmoja, nimeongezewa mara tatu bila shida. Mwaka huu nina mimba ya miezi sita, nimepewa barua ya tarehe 29 mwezi wa 9 kwamba mkataba ukiisha tarehe 30 hauongezwi "kutokana na mahitaji ya taasisi". Meneja kwa mdomo akaniambia jifungue kwanza halafu tutaongea. Nafasi yangu keshawekwa mtu. Ndo naambiwa mkataba wa muda ukiisha umeisha huna kesi. Kweli?

Msomi asiyevaa joho:

Mama K hujatutoa kwenye mada hata kidogo. Ni kweli mahakama zetu zimesema mara nyingi mkataba wa muda maalum ukiisha unaisha wenyewe. LAKINI soma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kifungu cha 36, kinasema kutoongeza mkataba nako kunahesabika ni kuachishwa kazi kama mfanyakazi alikuwa na matarajio ya msingi kwamba utaongezwa. Umeongezwa mara tatu kwa masharti yaleyale, kazi yako bado ipo kuna mtu anaifanya, hayo ndo matarajio. Kumuachisha mtu kwa sababu ya mimba kumekatazwa na kifungu cha 37, na kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi na mimba imetajwa kwa jina lake. Na mzigo wa kuthibitisha kwamba alikuachisha kwa haki ni wa mwajiri sio wako.

Kilichobaki ni muda na huo ndo unaoua watu. Kwenye madai ya kuachishwa isivyo halali una siku 30 kufika CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukihesabu kuanzia tarehe ya barua inaisha 29, jumapili. Peleka ijumaa au kabla. Ukichelewa utaanza kujaza fomu ya kuomba kuongezewa muda na kueleza kila siku uliyochelewa, usifike huko.

Dereva Scania:

Na huyu mwalimu akishinda, dalali anabeba?

Msomi asiyevaa joho:

Huyu ndio. Tuzo ya CMA inasajiliwa Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi inakaziwa kama hukumu. Shule binafsi ina basi la njano, basi linabebeka.

Wakili wa Mtaani:

Turudi kidogo kwenye swali langu maana nimepata namna ya kulijibu bila kusubiri Bunge. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 130(2)(e), kufanya tendo na binti wa chini ya 18 ni ubakaji hata akikubali, isipokuwa awe ni mke wa mhusika, ana miaka 15 au zaidi na hawajatengana. Kwaiyo siku jamaa ameshtakiwa, binti ana miaka 16, jamaa anasimama anasema mheshimiwa hakimu huyu ni mke wangu. Mwendesha mashtaka aulize: ndoa umefunga lini? Kama ni baada ya oktoba 2020, umefunga chini ya kifungu gani? Hicho kifungu muda wake wa neema umeisha kwa mujibu wa ibara ya 30(5), ndoa hiyo ni batili, utetezi huna. Hapo hakimu hawezi kukwepa, lazima aseme kimekufa au kiko hai, na hapo haihitajiki kiapo cha mtu kuathirika wala ruhusa ya waziri.

Mzee Kobe:

Na ukimfunga huyo kijana miaka 30 binti na mtoto umewasaidia nini?

Wakili wa Mtaani:

Hapo umenishika mzee, sina jibu zuri. Ndo maana ingetakiwa Bunge liandike na kipindi cha mpito, nani anaguswa na nani haguswi. Mahakama ya jinai ina panga tu, haina sindano.

BintiMuleba:

Na mwendesha mashtaka mwenyewe anatoka ofisi ya serikali ileile iliyokata rufaa. Unafikiri ataisema hiyo hoja?

Wakili wa Mtaani:

Mmoja akiisema inatosha.

Mama K:

Nimeprinti fomu namba 1 ya CMA. Naipeleka kwanza kwa mkuu wa shule au naenda nayo moja kwa moja tume?

Msomi asiyevaa joho:

Kwanza mwajiri apate nakala, kisha tume na ushahidi kwamba amepokea. Mwajiri ni aliyetajwa kwenye mkataba wako, angalia ukurasa wa kwanza, mara nyingi sio mkuu wa shule ni kampuni au wadhamini. Nakala yako wasaini na kugonga muhuri wa tarehe. Wakigoma kupokea tuma kwa rejista posta ubaki na risiti. Na kwenye fomu pale pa nafuu unazoomba usiandike tu "haki zangu zote", andika kurudishwa kazini au fidia ya mishahara isiyopungua miezi 12.

Mama K:

Mkataba umeandika wadhamini. Ofisi yao ipo mjini, naenda kesho asubuhi.